«Ni nzuri sana, mwanangu»: neno ambalo halikumsaidia binti yetu



Juma hili katika ukurasa wetu hatuongei juu ya uji wa watoto wala juu ya madeni ya kikundi. Tunaongea juu ya tovuti, ile ambayo vijana wetu huiita «siti» kwa kufuata Kifaransa. Tafadhali, usipite ukurasa huu kwa kusema, «Hayo ni ya wasomi.» Tutawaeleza jinsi mama asiyejua Kifaransa alivyoona kosa ambalo wenye diploma hawakuliona, na jinsi sisi wenyewe, kwa kupenda mno kusifu, tulivyokaribia kuweka sanduku letu la akiba mbele ya macho ya wezi.

Mambo yalianza hivi. Binti wa mmoja wetu amemaliza masomo ya sekondari. Wakati anangoja pesa za chuo kikuu, amejifunza kutengeneza tovuti. Alianza kwa simu, kisha akaendelea kwa kompyuta ya kukodi aliyoilipia kwa saa. Alitaka kazi yake ya kwanza iwe zawadi kwa kikundi: tovuti ya kuonyesha vitu tunavyouza, yaani ndagala kavu, vikapu vya kusuka, sabuni na mikoba ya kitenge. Siku ya posho moja, baada ya kikao, alileta kompyuta, tukamzunguka. Picha zikapita. Tukaona sura zetu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mama prezida akamkumbatia na kumwombea. Kila mtu akasema, «Ni nzuri sana, mwanangu.» Kisha tukaenda kupika.

Siku chache baadaye binti aliwaonyesha wenzake aliosoma nao. Wao wakacheka. Mmoja alisema ni kazi ya kitoto. Mwingine alisema rangi zake ni kama za karatasi ya bonboni. Hakuna aliyemwambia atengeneze nini. Alirudi nyumbani, akaweka daftari lake chini ya kitanda, akamwambia mama yake kwamba ameacha, afadhali auze unite za simu kando ya barabara.

Tuliposikia habari hiyo tuliwakasirikia wale vijana. Lakini mama sekretere alituuliza swali lililotunyamazisha: «Na sisi, tulimpa nini?» Wao walimpa kicheko, sisi tulimpa vigelegele. Kati ya kicheko na vigelegele, yule mtoto hakupata hata neno moja la kumwambia aguse wapi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakutia maji. Tulimwacha tu aende sokoni na kibuyu chenye tundu, na tundu tungeliona kama tungalichukua muda wa kutazama.

Tulimwita tena, tukamwomba radhi, tukamwomba pia atupe nafasi ya pili.

TOVUTI YA KWANZA HAIKUWA NA PICHA

Kwanza tujibu wamama waliouliza: tovuti ni nini hasa? Ni kurasa zilizowekwa kwenye kompyuta isiyozimwa, ili mtu yeyote mwenye intaneti azifungue kwa simu yake, awe Uvira, Bukavu, Bujumbura au Ulaya. Jambo hili lilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Alitoa wazo lake mwaka 1989, na mwaka 1991 watu wa nje wakaalikwa kuitumia. Ule ukurasa wa kwanza ulikuwa maandishi matupu, pamoja na maneno ambayo ukiyachagua yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Hakukuwa na picha, rangi za kupendeza wala maua. Mwaka 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu anaweza kuutumia ubunifu huo bila kulipa. Ndiyo maana hata binti wa mtaani kwetu hakuomba ruhusa kwa mtu.

Hata nchi yetu ina alama yake huko. Zamani tovuti za kwetu zilimalizika kwa .zr, kwa sababu ya jina la Zaire. Jina la nchi lilipobadilika mwaka 1997, zikapewa .cd.

Tunayasema haya ili binti yetu na wenzake wajue kwamba kazi ya mwanafunzi ikiwa ya kawaida, hilo si aibu. Tovuti haipimwi kwa mapambo. Inapimwa kwa swali moja: mtu aliyekuja kutafuta kitu, amekipata?

WAMAMA WATANO, SIMU TANO

Kwa hiyo safari hii hatukumzunguka binti kutazama kompyuta. Tulichagua wamama watano, kila mmoja na simu yake mwenyewe, kwa sababu wateja wetu nao watatumia simu. Binti aliiweka tovuti mahali pa kujaribia, kwa anwani ambayo hatukumpa mtu mwingine. Mega za wale wamama zililipwa na mfuko wa kikundi.

Kwa nini watano, si thelathini? Yupo mtaalamu mmoja kutoka Denmark, Jakob Nielsen, ambaye kwa miaka mingi alichunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta. Mwaka 2000 aliandika kwamba watu watano tu, wakijaribu kitu mmoja mmoja, wanaweza kuonyesha karibu asilimia 85 ya matatizo yake. Watu wanaofuata hurudia mara nyingi yale yale. Shauri lake ni kujaribu na watano, kutengeneza, kisha kujaribu tena na wengine, kuliko kuita umati mara moja. Kwa kikundi kama chetu hilo ni shauri zuri, maana halihitaji pesa nyingi.

Hatukumwuliza mama yeyote, «Unaionaje?» Tulimpa kazi: «Wewe unakaa Bukavu. Unataka kilo mbili za ndagala. Tafuta bei, kisha utupigie simu.» Tuliweka kanuni tatu. Ya kwanza, mama anaposoma aseme kwa sauti kila anachokifikiri: «Natafuta hapa, sioni, nafinya hapa.» Ya pili, tulimwambia kwamba hajaribiwi yeye, inajaribiwa tovuti, akikwama, kosa si lake. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu: binti alikaa nyuma yake na daftari, kinywa kimefungwa. Asionyeshe kwa kidole wala asiseme, «Finya pale juu.»

MAMA WA KWANZA alifinya, akangoja. Tulihesabu mpaka sitini, na picha ya kwanza ilikuwa haijafika nusu. Alisema, «Mimi ningekuwa nimeshatoka.» Tuligundua kwamba binti aliweka picha nane jinsi zilivyotoka kwenye simu, kila moja karibu mega 4. Nane mara nne ni 32. Yaani mteja wetu angekula mega 32 kabla ya kujua hata bei ya samaki. Siku ile ya vigelegele hatukuliona hilo, kwa sababu picha zilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe na zilifunguka mara moja. Dawa yake si ngumu: kuna programu za bure za kupunguza uzito wa picha. Picha ya mega 4 inaweza kushuka mpaka kilobaiti 150, na kwenye simu jicho halioni tofauti. Picha zote nane sasa zina kama mega 1 na kidogo.

MAMA WA PILI alitoka nje kwenye jua, mahali anapouzia kila siku. Akaweka mkono juu ya simu kama mtu anayetafuta mtumbwi mbali ziwani. Bei ziliandikwa kwa rangi ya njano juu ya nyeupe. Ndani ya nyumba zilipendeza, juani hazikuwepo. Kuna kanuni za kimataifa juu ya jambo hili, zilizotolewa mwaka 2008 na shirika la W3C, ambalo Berners-Lee ndiye aliyelianzisha. Zinasema kwamba kwa maandishi ya kawaida, tofauti ya mwanga kati ya herufi na rangi ya chini yake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Binti alikuwa hajasikia habari hiyo. Alichukua daftari akaandika, na njano ikahamia kwenye mstari wa pambo, ambako haisomwi na mtu.

MAMA WA TATU aliiona bei, akafurahi, akataka kutupigia. Namba ya simu ilikuwepo, kubwa na nzuri, lakini iliandikwa ndani ya picha. Alifinya, akafinya tena, haikuita. Akasema, «Nani ana kalamu?» Basi namba ikaandikwa upya kama maandishi, ili ukiifinya simu iite yenyewe. Pia ilianza kwa sifuri, kama tunavyopigiana sisi kwa sisi. Mteja wa Bujumbura angekosa njia ya kutupata, kwa sababu akiwa nje ya nchi lazima aanze na +243. Jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, ambaye ndiye tuliyemtaka zaidi, alikuwa amefungiwa mlango bila sisi kujua.

MAMA WA NNE ndiye tuliyemtaja mwanzoni. Anasoma Kiswahili polepole, Kifaransa hajui ila maneno machache ya sokoni. Huyu tulimpa kazi nyingine: atafute kikapu cha kununua. Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno ya Kifaransa, na moja lilikuwa «Panier». Neno hilo analijua! Panier ni kikapu. Akalifinya kwa furaha. Ukurasa ukafunguka na kumwambia kwa Kifaransa kwamba kikapu chake ni kitupu. Tulimtafsiria. Akatugeukia: «Kumbe vimekwisha? Na mimi nilisuka vitatu juzi!» Tulicheka mpaka machozi, naye pia. Lakini mtazame mama huyu vizuri. Kwa watengeneza tovuti, «panier» ni mahali pa kukusanya vitu unavyotaka kulipia. Binti alilichukua neno hilo kama alivyolikuta kwenye mfano aliojifunzia. Kwetu sisi tunaouza vikapu vya kweli, neno hilo linampoteza mteja. Sasa pameandikwa «Vitu ulivyochagua», na ukurasa mzima uko kwa Kiswahili, na Kifaransa kiko chini kwa wanaokitaka.

MAMA WA TANO alikuwa trezoriere wetu. Alimaliza kazi aliyopewa bila shida. Tulidhani tumemaliza. Lakini yeye aliendelea kusoma, akafika kwenye ukurasa unaoeleza sisi ni nani. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza:

«Na mwizi, naye anaweza kusoma hii?»

Mahali hapo binti aliandika kwa nia njema kwamba tunakutana kila siku ya posho saa nane, na akataja nyumba. Aliandika kwamba mwisho wa mwaka tunafungua sanduku na kugawana akiba. Akaweka picha ya sanduku lenyewe na kufuli zake tatu, na pembeni yake wale wamama watatu wanaotunza funguo, wakitabasamu. Wenye kikundi cha akiba mnaelewa bila kuelezwa. Tunafunga kwa kufuli tatu ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake. Na sisi tulikuwa tayari kuonyesha dunia nzima sura za wale watatu, siku, saa na nyumba.

Picha ile tuliiona siku ya kwanza. Ndiyo iliyopigiwa kigelegele.

Ikafuata nyingine. Dada mmoja kati yetu, ambaye hakuwa kati ya wale watano, alisema kwa sauti ndogo kwamba angependa sura yake iondolewe, kwa kuwa kuna watu asiotaka wajue anakaa wapi siku hizi. Hatukumwuliza zaidi, na hatutauliza. Binti aliiondoa picha hiyo pale pale, kabla ya kuandika lolote kwenye daftari.

MANENO YALIYOUMA

Tusiwafiche: siku ile haikuwa tamu kwa kila mtu. Kwa mama wa tatu binti alishindwa kunyamaza. Alisema, «Lakini mama, si unaona kwamba hiyo ni picha?» Mama sekretere akamgusa bega: «Mwanangu, huyo mteja wa Bujumbura, utakuwa umesimama nyuma yake?» Akanyamaza, lakini macho yalijaa.

Aliyekasirika zaidi alikuwa mama yake. Alituambia tumemvunja mtoto mbele za watu, kwamba tovuti hiyo ilikuwa zawadi, na kwamba zawadi haihesabiwi makosa. Mama prezida alimuunga mkono kidogo. Alisema kwamba katika kikundi chetu wako wanaojua kukosoa tu, na kwamba kuna watoto walioacha ushonaji kwa sababu ya midomo yetu. Hilo ni kweli, nasi tunalikubali. Ukosoaji una namna yake, na sisi hatukufundishwa.

Lakini yule trezoriere alimjibu mama wa mtoto hivi: «Mama mwenzangu, ningemsifu leo, na kesho watu wangekuja kwangu na bunduki, ungenishukuru?» Hapakuwa na aliyejibu. Tukakaa. Baadaye binti mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema kwamba wenzake walipomcheka alilala bila kujua kesho afanye nini, na kwamba leo ameumia pia, lakini ana mambo kumi na moja kwenye daftari na anajua aanze na lipi.

Mficha uchi hazai, wanasema. Wamama wote tunaijua methali hiyo kwa mwili wetu wenyewe. Anayejifunza kazi naye lazima aonyeshe kisichokamilika, na anayeonyeshwa lazima atazame kwa heshima, kama mzalishaji mwema anavyotazama.

KWA MAMA ANAYEONYESHWA KAZI

Tumekusanya hapa tuliyojifunza. Linalofaa kwa tovuti linafaa pia kwa gauni la kwanza la mshonaji au kwa barua ya kuomba kazi.

Usianze na neno «nzuri» wala «mbaya». Tumia kitu hicho kwanza. Kama ni tovuti, tafuta bei, tafuta simu, soma juani. Kisha sema ulichokiona: «Nimefinya mara tatu, haikuita.» Neno hilo haliumizi kama «hujui kazi», na linamsaidia zaidi.

Taja kinachokwenda vizuri, lakini kitaje kwa jina. Tovuti ya binti yetu ilikuwa na jambo moja bora kabisa: bei zote zilikuwa mahali pamoja, kwa kilo na kwa franka. Wamama wanne walizikuta haraka, hata yule aliyetoka juani alijua ziko wapi ingawa hakuweza kuzisoma. Tulimwambia hivyo ili katika kutengeneza mengine asije akaharibu hilo.

Tenganisha kosa na tamaa yako. Mama mmoja alitaka mawaridi juu ya ukurasa. Mwingine alitaka rangi ya kitambaa cha kikundi. Wa tatu alitaka wimbo upigwe ukurasa ukifunguka. Hayo ni matakwa. Binti akiyafuata yote, tovuti itakuwa kama sufuria iliyotiwa chumvi na kila mtu aliyepita jikoni. Jiulize: bila kitu hiki, je, mteja anakwama? Kama hakwami, kisubiri.

Panga kwa uzito. Lenye hatari kwa watu hutangulia: sura, nyumba, saa, pesa. Kisha yanayomzuia mteja: kutofunguka, kutosomeka, kutopiga simu. Mapambo huja mwisho. Na kwa mtoto anayeanza, mpe mambo matatu au manne ya juma hili, mengine yangoje juma lijalo.

KWA KIJANA ANAYEANZA

Binti zetu na wavulana wetu, nanyi mna neno lenu hapa. Usiulize watu, «Mnaionaje?» Ukiuliza hivyo, anayekupenda atasema ni nzuri, na asiyekupenda atacheka. Uliza, «Umekwama wapi?» Uliza, «Ulitegemea kuona nini ulipofinya pale?»

Usiwaonyeshe wanaokupenda tu. Mama yako ataona jasho lako kabla ya kuona ukurasa. Tafuta muuza samaki, mwalimu, dereva wa pikipiki, mtu mzima anayehitaji miwani. Tafuta simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, maana simu hiyo ndiyo wateja wengi walio nayo.

Wakati mtu anajaribu, nyamaza. Kila mara utakapotaka kueleza, andika mahali hapo kwenye daftari: panapohitaji maelezo yako, pana kazi ya kufanya.

Na ukipewa maoni kumi, si lazima uyafuate yote kumi. Ukiona watu wawili au watatu wanakwama mahali pale pale, hapo hapana ubishi. Mtu mmoja akitaka mawaridi, mshukuru, endelea na kazi.

JUU YA PICHA NA MAJINA

Kwa hili tumeweka kanuni katika kikundi, na tunawashauri wenzetu wa vikundi vingine waifikirie. Picha ikishawekwa kwenye intaneti, mtu anaweza kuichukua na kuitunza. Wewe ukiifuta kwako, huwezi kuifuta kwake. Kwa hiyo sura ya mama haitawekwa mpaka yeye mwenyewe aione kwanza kwenye simu, aambiwe nani ataiona, na akubali kwa kinywa chake. Akikataa, haulizwi sababu. Mume, shemeji au prezida hawawezi kukubali kwa niaba yake. Picha za watoto haziwekwi kabisa.

Siku ya kikao na mahali pa kikao havitajwi. Sanduku halitajwi. Namba ya simu itakuwa ya biashara ya kikundi, si ile ya trezoriere wala ile inayopokea pesa za akiba. Badala ya sura, binti sasa ameweka picha za mikono: mikono inasuka kikapu, mikono inamwaga sabuni kwenye kibao, mikono inageuza ndagala juani. Wengine wamesema picha hizo zinauza kuliko zile za kwanza. Hatujui bado.

TULIPOFIKIA

Jumla yetu ya pili tuliifanya siku ya posho iliyopita, na wamama wengine watano. Wanne walipata bei na kupiga simu bila msaada. Wa tano alipata bei ya kilo, lakini hakuelewa kama usafiri mpaka Bukavu umo ndani ya bei hiyo au la. Tulipotazamana, tuligundua kwamba hata sisi hatujawahi kukubaliana juu ya hilo. Kosa hilo si la binti. Ni la kikundi, na tutalizungumza kwenye kikao kinachokuja, kwa hiyo wenye kuuza ndagala wasikose.

Tovuti haijafunguliwa kwa watu wote. Tunangoja jambo hilo la usafiri, na tunangoja wamama wawili wakubali au wakatae picha za mikono yao, maana mmoja ana pete inayojulikana. Binti amesema hana haraka. Kikundi kimeamua kumlipa saa za kompyuta anazotumia, kwa sababu kazi hii imekwisha kupita mipaka ya zawadi. Mama yake amerudi kwenye kikao, amekaa mahali pake pa siku zote, na ndiye aliyeleta chai.

KAZI YA JUMA HILI: mtoto wako au wa jirani akikuonyesha kitu alichokitengeneza, kiwe daftari, kiti, keki au tovuti, usiseme «ni nzuri». Kitumie mbele yake kwa dakika tano, kisha mwambie mambo mawili uliyoyaona: moja lililokwenda na moja lililokukwamisha. Njoo utuambie ilikuwaje. Mama ambaye jambo hilo litamshinda, naye aje, maana hata sisi lilitushinda mara ya kwanza.

Kwa juma lijalo tumeombwa na wengi tuongee juu ya sare za shule na namna ya kununua kitambaa kwa pamoja. Leteni bei mlizozikuta sokoni.

Mbaki na amani majumbani mwenu.